Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya barabara, bandari na mizani Zanzibar: uzito upimwe unapopakiwa

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya barabara, bandari na usafirishaji wa mizigo,
Unguja na Pemba.

YAH: MADEREVA WA GARI ZA MIZIGO KUADHIBIWA KWA UZITO WASIOUPAKIA

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naandika barua hii hadharani kwa sababu milango ya ndani tumeshaigonga yote. Tulianza kwa msimamizi wa zamu, tukapandishwa kwa mkubwa wake, tukaandika barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, tukaitwa kikaoni na tukasikilizwa kwa heshima. Baada ya hapo hatukupata jibu la maandishi wala la mdomo, ilhali faini ziliendelea, gari ziliendelea kuzuiwa na madereva waliendelea kurudi nyumbani mikono mitupu. Sikusudii kumvunjia mtu heshima yake. Sitataja jina la kituo, la kampuni wala la mtumishi yeyote, kwa kuwa tatizo ninalolileta kwenu halikutokana na ubaya wa mtu mmoja, na halitamalizika kwa mtu mmoja kuhamishwa. Limetokana na utaratibu, na utaratibu umo mikononi mwenu.

Mimi ni dereva wa gari za mizigo. Nimeendesha tipa za mchanga na kifusi hapa Unguja, nimebeba makontena kutoka Malindi, nimefanya kazi msimu wa karafuu Pemba, na kabla ya kurudi nyumbani niliendesha malori ya masafa marefu Tanzania Bara, katika njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma, ambayo ni zaidi ya kilomita 900 na ina mizani kadhaa ambazo hakuna dereva anayezipita bila ya kupimwa. Ninayoyaeleza nimeyapitia, na wenzangu walionituma kuandika wameyapitia zaidi yangu.

Neno letu ni moja. Uzito wa gari huamuliwa pale gari inapopakiwa, na wanaouamua ni watu ambao mizani inapoufichua barabarani wao hawapo. Anayekutwa ni dereva, na kwa kuwa ndiye aliyekutwa, ndiye anayeadhibiwa. Tunaomba uzito upimwe unapopakiwa, na aliyepakia awajibike sawasawa na aliyeendesha.

Kabla sijafika kwenye malalamiko, ni haki niseme tunachokikubali, ili asije mtu akadai kwamba madereva wanataka mizani ziondolewe. Hatutaki hivyo. Majaribio makubwa ya barabara yaliyofanyika katika jimbo la Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960, yaliwapa wahandisi kanuni wanayoitegemea hadi leo, kwamba madhara ya ekseli, yaani mhimili unaoshika tairi za gari, kwa barabara hupanda kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wake. Maana yake ni kwamba ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa tani 12, uzito umezidi kwa sehemu moja tu ya tano, lakini madhara yamezidi maradufu, na ikibebeshwa tani 13 madhara yanakaribia mara tatu. Barabara za visiwa vyetu hujengwa kwa fedha nyingi, nyingine za mkopo utakaolipwa na watoto wetu, na anayezipita kila siku kuliko mtu yeyote ni sisi. Springi zinazokatika, tairi zinazopasuka na migongo inayouma ni yetu.

Aidha, gari iliyozidi uzito ni hatari kwa roho za watu. Anayeijua barabara ya Mkoani hadi Chake Chake anaijua milima yake na kona zake. Gari yenye mzigo kupita kiasi inapoteremka kule, breki hupata moto, na zikishapata moto hazishiki tena. Wa kwanza kufa ni aliyeshika usukani, na pengine anaondoka na watu waliokuwa wakijiendea shamba kandoni mwa barabara. Kwa hiyo sisi ndio tulio na haja kubwa kuliko wote kwamba uzito udhibitiwe. Tunachokipinga ni namna unavyodhibitiwa, nami nitakieleza kipengele baada ya kipengele.

1. Mchanga na kifusi huuzwa kwa gari, lakini mizani hupima kwa tani.

Mteja anayejenga Nungwi, Paje au Fumba hanunui tani za mchanga. Ananunua gari moja, na gari moja kwake ni bodi iliyojaa. Katika shimo la mchanga, anayepakia ni mwenye kijiko, yaani mwendesha mashine ya kuchotea mchanga, ambaye anachotakiwa ni kujaza gari nyingi iwezekanavyo na hana chombo cha kumwonyesha uzito. Dereva hukaa katika gari yake akisubiri kuambiwa aondoke.

Hesabu ni hii, nami nitatumia viwango vya Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari, iliyoanza kutumika katika mizani za Bara mwaka 2019, kwa kuwa ndivyo vinavyojulikana na madereva wengi: ekseli ya mbele yenye tairi mbili tani 8, ekseli moja yenye tairi nne tani 10, ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi nane tani 18, ekseli tatu zenye tairi kumi na mbili tani 24, na gari nzima pamoja na mzigo wake isizidi tani 56. Tipa ya ekseli tatu basi inaruhusiwa tani 26. Ikiwa gari tupu ina tani 11, nafasi iliyobaki ya mzigo ni tani 15. Mchanga mkavu una takriban tani 1.6 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo bodi ya mita za ujazo 9 iliyojaa ina tani 14.4, na gari hiyo inapita mizani yoyote bila ya wasiwasi. Mchanga huo huo ukinyeshewa usiku kucha wakati wa masika hufika tani 1.9 kwa mita, bodi ile ile inakuwa na tani 17, na gari imezidi kwa tani mbili. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Bodi ni ile ile, mjazo ni ule ule, bei aliyolipa mteja ni ile ile. Kilichoongezeka ni maji, nayo tunayaona yakichuruzika nyuma ya gari njia nzima, lakini hatuna pa kuyapima mpaka tufike mbele ya anayetoza faini.

Mtaniambia dereva mwenye uzoefu anajua kwamba mchanga mbichi ni mzito. Ni kweli anajua, lakini kujua si kuamua. Akimwambia mwenye kijiko apunguze, ataambiwa gari haijajaa na mteja hataikubali. Akimpigia simu tajiri wake, tajiri atamuuliza kwa nini wengine wanapakia naye analalamika. Akisisitiza, dereva aliye nyuma yake kwenye foleni ataupokea mzigo ule ule. Mimi mwenyewe niliwahi kukataa mzigo wa aina hiyo. Nilishushwa kwenye gari, na kabla ya adhuhuri gari iliondoka na dereva mwengine, ikiwa imejaa vilevile nilivyoikataa. Sikuwa na mkataba wa maandishi wa kunilinda, na wengi wetu hawanao hadi sasa.

2. Kontena lililofungwa halina njia ya kupunguzwa na dereva.

Hapa ndipo dhulma inapoonekana wazi zaidi, nami naomba mnivumilie nieleze kwa urefu. Kontena linapotoka bandarini limefungwa kwa lakiri. Dereva haruhusiwi kulifungua, na akilivunja lakiri amefanya kosa kubwa kuliko kuzidisha uzito. Hajui kilichomo ila kwa kusoma karatasi aliyopewa. Hajui kama marobota yamepangwa sawasawa au yamesukumwa upande mmoja. Hata hivyo, akifika kwenye mizani akaambiwa amezidi, anaambiwa apunguze mzigo, kana kwamba mzigo ule ni magunia ya mbata yaliyo wazi juu ya gari.

Uzito wa kontena si siri. Tokea tarehe 1 Julai 2016, chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Maisha Baharini, kontena lenye mzigo haliruhusiwi kupakiwa katika meli za safari za kimataifa mpaka mwenye kulisafirisha awe ameuthibitisha na kuuandika uzito wake wote, yaani mzigo pamoja na kontena lenyewe. Sheria hiyo iliwekwa kwa sababu meli zilikuwa zikipata ajali na makontena yakiporomoka kwa uzito uliodanganywa. Kwa hiyo kontena linaloshushwa Malindi kutoka nje limekuja na uzito wake kwenye karatasi, uzito uliomwokoa nahodha baharini. Tunauliza kwa nini karatasi hiyo ikifika nchi kavu isimfae dereva. Uzito ule ungeangaliwa kabla ya kontena kuwekwa juu ya trela, lisilofaa kwa trela ya ekseli mbili lingepewa trela ya ekseli tatu, na lisilofaa kabisa lingefunguliwa na kugawanywa humo humo bandarini, mbele ya watu wa forodha, ambako pana winchi na pana nafasi.

Kuna jambo jengine ambalo wengi wasioendesha hawalijui. Gari inaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado ikakamatwa kwa uzito wa ekseli. Kontena la futi 20 laweza kufikia uzito wa jumla wa zaidi ya tani 30, na uzito wote huo umekusanyika katika urefu wa takriban mita sita. Kichwa cha lori cha ekseli tatu chenye trela ya ekseli tatu kinaruhusiwa tani 50 kwa viwango nilivyovitaja, kwa hiyo kwa jumla kontena hilo si tatizo. Lakini likiwekwa nyuma kabisa ya trela, ekseli tatu za nyuma zitabeba zaidi ya tani 24 zao, na likisogezwa mbele mno, ekseli za kichwa ndizo zitakazolemewa. Anayeamua likae wapi ni mwendesha winchi, ambaye ana haraka ya kuliweka aitwe kwenye gari nyengine. Likishawekwa na kufungwa, dereva hawezi kulisogeza hata kwa shubiri moja. Anatoka getini akiwa ameshabeba kosa la mtu aliyebaki ndani, na atalilipia yeye.

3. Vipimo hupingana, na hatupewi karatasi.

Gari moja, yenye mzigo mmoja, ikipimwa pahala pawili kwa siku moja, hutoa majibu mawili. Tumeuliza, tukaambiwa mizani haisemi uongo. Mizani ni chombo, na chombo hutaka matunzo. Mizani za kuhamishika zinazopima ekseli moja moja zinataka sakafu iliyo sawa. Gari ikisimama pahala palipoinama, uzito unahamia upande wa chini, na ekseli ya nyuma inasoma mzigo ambao si wake. Dereva akiamrishwa kufunga breki za nguvu juu ya sahani ya mizani, springi na breki hushikilia sehemu ya uzito na kipimo kinapotoka. Mizani isiyokaguliwa kwa mawe ya kupimia kwa muda mrefu huweza kupotea kwa kiasi ambacho kwenye gari nzima si kidogo.

Mkulima wa karafuu Pemba akifikisha karafuu zake kituoni, huziona zikiwekwa kwenye mizani, huzisoma kilo kwa macho yake, na huondoka na stakabadhi iliyoandikwa daraja, uzito na fedha. Dereva wa gari ya mizigo huambiwa umezidi, basi. Haonyeshwi namba kwa kila ekseli, haambiwi mizani ilikaguliwa lini, hapewi njia ya kuomba apimwe mara ya pili. Bila ya karatasi hiyo hawezi kumdai aliyempakia, hawezi kumweleza tajiri wake, na hawezi kukata rufaa kwa mtu yeyote.

4. Faini haimfiki mwenye kosa.

Sheria imekusudia kumwadhibu mwenye gari na mwenye kuzidisha mzigo. Kinachotokea ni kwamba tajiri hulipa faini ili gari yake iachiliwe, kisha huikata kwenye ujira wa dereva kidogo kidogo, na mwenye mzigo hachangii kitu. Wakati mwengine leseni ya dereva huzuiwa kama dhamana mpaka malipo yakamilike, naye katika siku hizo hana kazi nyengine anayoweza kuifanya. Utingo wake, ambaye hutegemea posho ya safari, hapati hata ya nauli ya daladala ya kurudi kwao. Nimewaona vijana waliokuja kujifunza kazi hii wakaiacha, si kwa uvivu, bali kwa kuona kwamba mwisho wa mwezi wanadaiwa na waliowaajiri.

5. Saa za kuingia mjini hazina maandishi.

Tunafahamu kwa nini gari kubwa zinazuiliwa saa fulani. Bandari ya Malindi imekaa ubavuni mwa Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na barabara zinazoizunguka haziwezi kupanuliwa bila ya kubomoa. Hatugombi na hilo. Tunalolalamikia ni kwamba saa hizo tunaambiwa kwa mdomo, hubadilika bila ya taarifa, na askari wa zamu ya asubuhi husema hivi na wa zamu ya jioni husema vile. Mwezi wa Ramadhani ndio huwa mgumu zaidi, pale tunapojikuta tumezuiwa na mzigo alasiri nzima tukiwa na saumu, tukisubiri ruhusa ambayo hakuna anayejua itatoka saa ngapi.

6. Pa kusubiria hapana choo, maji wala kivuli.

Hili nalisema kwa ufupi kwa kuwa halihitaji hoja. Mtu aliyezuiwa na Serikali yake kwa saa nyingi anastahili choo, maji ya kutawadhia, pahala pa kusalia na kivuli. Wapo pia kina mama wanaosafiri na mizigo yao ya sokoni katika gari zetu.

Waheshimiwa, najua majibu tutakayopewa, kwa kuwa tumeshayasikia vikaoni, na ni bora niyajibu hapa kuliko kuyasubiri.

Tutaambiwa kwamba sheria inampa dereva haki ya kukataa mzigo uliozidi. Haki isiyo na kipimo haikamatiki. Ili nikatae, lazima niwe na namba ya kumwonyesha mwenye mzigo, na namba hiyo inapatikana tu kwenye mizani ambayo kwa sasa ipo baada ya mimi kupakia na kuondoka. Nipeni namba shimoni au getini, kisha mniadhibu nikiondoka na mzigo uliozidi, nami sitakuwa na neno.

Tutaambiwa kwamba hakuna fedha za kuweka mizani katika kila shimo. Hatujaomba mizani ya kudumu katika kila shimo. Mashimo yenye ruhusa yanajulikana, na mizani ya kuhamishika inaweza kuzungushwa kati yao kwa zamu, khasa miezi ya mvua. Hata kabla ya hapo, lipo jambo lisilohitaji zaidi ya rangi na mpimaji mwaminifu: kila tipa ipimwe mara moja ikiwa tupu, ihesabiwe nafasi yake, kisha ichorwe mistari miwili ndani ya bodi, mmoja wa mchanga mkavu na mmoja wa mchanga mbichi, na mwenye kijiko asiruhusiwe kuupita. Mteja naye atajua kwamba gari ya masika hujazwa chini ya ile ya kaskazi, na bei itajipanga yenyewe. Kwa tipa niliyoitolea hesabu hapo juu, mstari wa mchanga mbichi ungekaa chini kidogo ya mita za ujazo 8. Jambo hili nimewahi kulieleza kikaoni, likaitwa zuri, na halikuandikwa katika kumbukumbu za kikao.

Tutaambiwa kwamba madereva wenyewe ndio wanaotoa kitu kidogo ili wapite. Wapo, na wanakosea, na wakikamatwa waadhibiwe. Lakini pale ambapo kipimo hakichapishwi, faini hukadiriwa kwa mdomo na malipo hupokelewa kwa mkono, mlango wa rushwa umeachwa wazi na Serikali yenyewe, na aliye dhaifu ndiye atakayesukumwa kuupita. Karatasi ya mizani yenye namba ya malipo, inayolipwa benki au kwa simu, ingeufunga mlango huo kwa pande zote mbili, wa mtoaji na wa mpokeaji.

Tutaambiwa pia kwamba visiwa vyetu ni vidogo, safari ni fupi, kwa hiyo usumbufu ni mdogo na tustahamili. Ni kinyume chake. Unguja kutoka ncha hadi ncha ni kama kilomita 85. Dereva wa masafa marefu wa Bara, mara nyingi, hulipwa kwa safari moja ya siku nyingi, na saa mbili za mizani anaweza kuzifidia njiani. Dereva wa Unguja hula kwa idadi ya tripu anazokamilisha baina ya alfajiri na magharibi. Asubuhi moja iliyopotea kituoni ni siku iliyopotea, na siku iliyopotea hailipwi na mtu. Bara nimeona, katika mizani ya Vigwaza, gari zikipimwa kwanza zikiwa katika mwendo, na inayotiliwa shaka tu ndiyo inayoingizwa kwenye mizani ya kusimama. Sisemi tuige kila kitu. Nasema kwamba wenzetu wenye msururu wa malori mkubwa kuliko wetu mara nyingi walitafuta njia ya kutomsimamisha asiye na kosa, na kwetu, penye malori machache, jambo hilo ni jepesi zaidi.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa mpangilio wa umuhimu wake kwetu.

Tunaomba kwanza itolewe amri ya maandishi kwamba hakuna gari ya mizigo itakayotoka bandarini, iwe Malindi, Mkoani au Wete, wala katika shimo lenye ruhusa, bila ya karatasi inayoonyesha uzito uliopakiwa, jina la aliyepakia na saini yake. Kwa makontena, karatasi hiyo iandikwe kutokana na uzito uliothibitishwa kabla ya kontena kupakiwa melini, na ionyeshe pahala kontena lilipowekwa juu ya trela. Karatasi hiyo ikionyesha kwamba uzito ulikuwa sahihi, na mizani ya barabarani ikasema vyengine, dereva asitozwe mpaka tofauti hiyo ichunguzwe. Ikionyesha kwamba uzito ulizidi tokea mwanzo, basi aliyetia saini alipe pamoja na mwenye gari.

Ombi letu la pili ni kila gari inayopimwa ipewe karatasi iliyochapishwa, yenye uzito wa kila kundi la ekseli, tarehe ya ukaguzi wa mwisho wa mizani na namba ya malipo pale panapokuwa na faini, na dereva awe na haki ya kupimwa mara ya pili siku hiyo hiyo. Gari iliyo ndani ya uzito wa jumla lakini ikazidi kwenye ekseli iruhusiwe kurudi ilipopakiwa mzigo ukapangwe upya, bila ya kutozwa kwa kosa la kwanza.

Leseni ya dereva isizuiwe kwa deni la faini ya uzito. Gari ipo, ina namba ya usajili, na mwenyewe anajulikana. Hiyo inatosha kuwa dhamana.

Saa za kuingia na kutoka mjini ziandikwe, zibandikwe getini bandarini na vituoni, zitangazwe katika redio, na zisibadilishwe bila ya taarifa ya wiki mbili, isipokuwa kwa dharura ya kweli. Choo, maji na pahala pa kusalia viwepo katika kila kituo kinachomzuia mtu.

Na katika kikao chochote kitakachoandaa kanuni mpya za usafirishaji wa mizigo, tunaomba wakaribishwe madereva wenyewe, na si matajiri wa gari peke yao. Matajiri wana haki ya kusikilizwa, lakini hawakai shimoni saa kumi na moja alfajiri na hawasimami juu ya sahani ya mizani.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya mvua za masika kuanza, kwa kuwa ndipo mchanga unapokuwa mzito na ndipo kesi hizi zinapoongezeka. Tupo tayari kuitwa pahala popote, Unguja au Pemba, na kuleta gari yenye mzigo ili mpime mbele yetu na nyinyi wenyewe muone ninayoyaeleza. Wakati tukisubiri jibu, tutaendelea kutii mizani na kulipa tunachotozwa, na kila faini tutakayotozwa tutaiandika pamoja na jina la mahali mzigo ulipopakiwa, ili orodha hiyo iwe tayari siku mtakayoihitaji.

Wenu mtiifu,

Dereva wa gari za mizigo,
Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja,
kwa niaba ya madereva wenzangu wa Unguja na Pemba.

Nakala kwa:
Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi wa majimbo yenye bandari na mashimo ya mchanga;
Wamiliki wa gari za mizigo;
Waagizaji na wenye mizigo wanaotumia bandari za Zanzibar.